Nanga ya Maikromita 34

Lebo zilikuwa za penseli. Nashukuru hilo mpaka leo.

Ilikuwa Jumatatu ya mwezi wa nane, saa moja usiku, wenzangu wote walishaondoka. Mbele yangu kulikuwa na sanduku la slaidi 27. Kila slaidi ina mnyoo mmoja asiyefika milimita moja, niliyemtoa kwenye matamvua ya samaki kwa sindano. Slaidi 16 nilikuwa nimeziandika A. Slaidi 11 nilikuwa nimeziandika B. Nikachukua kifutio, nikaanza kufuta B moja baada ya nyingine, na mkono ulikuwa mzito.

Ile B niliishi nayo wiki saba.

Niliwahi hata kumwambia mwenzangu mmoja, kwa sauti ya chini kama anayetoa siri ya posa, kwamba huenda nimekutana na spishi mbili pale ambapo wengi wangeona moja. Hakunibishia. Aliuliza tu, "Umepima mara ngapi?" Nikamjibu mara mbili. Akanyamaza. Kimya chake kilinikera kuliko maneno.

Nanga nne

Kwa wasiowahi kumwona: huyu ni monojenea (kundi la minyoo vimelea wa samaki) wa jamii ya Cichlidogyrus, jina alilolianzisha mtaalamu Paperna mwaka 1960. Anaishi kwenye matamvua ya perege, sato na ndugu zao. Mwili wake ni laini, ukimbana kidogo hauna umbo tena. Sehemu ngumu ninazozitegemea ni mbili. Ya kwanza ni kiungo chake cha kiume (kila mnyoo ana cha kiume na cha kike pamoja). Ya pili ni kile ninachokiita kiganja, kilicho mwishoni mwa mwili, ambacho anakitumia kujishikiza kwenye tamvua ili maji yasimchukue.

Kwenye kiganja kuna nanga nne, ndizo ndoana zake kubwa, mbili za tumboni na mbili za mgongoni. Kuna pau mbili zinazozishikilia, na ule wa mgongoni una masikio mawili kama ya sungura. Kandokando kuna vindoana 14. Jozi ya pili ya vindoana hivyo hubaki na udogo wake wa utotoni mpaka mnyoo anakufa, na kila ninapoiona napata furaha nisiyoweza kuieleza kwa watu wa nyumbani.

Basi kutofautisha spishi na spishi ni kupima hivyo. Urefu wa nanga, urefu wa kipau, urefu wa jozi ya kwanza ya vindoana, na umbo la kiungo cha kiume. Nanga ya mnyoo wangu ni kama maikromita 40 hivi (maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), yaani nusu ya upana wa unywele. Ugomvi wote wa A na B ulikuwa wa maikromita tano.

Ndani ya lenzi ya hadubini, ile ya upande wa jicho, kuna skeli, mistari midogo iliyochorwa kwenye kioo. Mistari ile haina maana yoyote mpaka uitazamie slaidi maalumu yenye milimita moja iliyogawanywa mara 100. Bibi mzaa mama alikuwa akisuka ukili na kuuza kwa pima, na wanunuzi walipima kwa kunyoosha mikono. Kila msukaji wa mtaa wao alijua nani ana mikono mirefu, na akimwona anakuja alitafuta shughuli nyingine ya kufanya. Mimi nilipofundishwa hadubini nilidhani nimeachana na habari za mkono wa nani. Nilirekebisha skeli yangu kila asubuhi, kwa uangalifu, na baada ya hapo nikauamini mstari kuliko nilivyoyaamini macho.

Nilitaka B iwepo

Hili sitaki kulipita haraka.

Samaki wangu walitoka sehemu mbili. Wengi walikuwa sato wa bwawa la kufugia, upande wa Muheza. Wachache walikuwa perege wa Mto Pangani, niliowanunua Korogwe. Sato ni mgeni kwetu, mkia wake una mistari iliyosimama na kila muuza samaki anamjua. Perege wa Korogwe ni mwenyeji, na ana hata jina la mji wake: Oreochromis korogwe, alilopewa mwaka 1955.

Mgeni haji peke yake. Anakuja na minyoo yake. Huko Madagaska na Kongo, minyoo ya sato imeshakutwa kwenye matamvua ya samaki wenyeji. Ndiyo maana ninapima. Kama mnyoo wa mgeni na mnyoo wa mwenyeji wanafanana sana nami nikawapa jina moja, nitaandika kwamba hakuna kilichobadilika, wakati mmoja anamwondoa mwenzake polepole. Na kama ni mmoja nami nikampa majina mawili, nitaandika habari ya mnyoo wa mtoni ambaye hajawahi kuwepo, na mtu atakayekuja baada yangu atamtafuta miaka mitano.

Hayo niliyajua. Lakini nilitaka B iwepo.

Nilitaka mto wetu uwe na chake. Kwa hiyo nilipoona namba za urefu wa nanga zimesambaa kutoka 33 mpaka 40, na katikati kwenye 36 pamepungua kidogo kama kiuno cha dondora, nilichora mstari pale. Hakuna aliyeniamuru. Mstari ule niliuchora mwenyewe, kwa rula, kisha nikaanza kuuita "pengo".

Katika zile 11 za chini ya mstari, minyoo saba walikuwa wa sato wa bwawani na wanne wa perege. Hata hilo halikunistua. Nilijiambia kwamba labda B amehamia.

Utupa wa Norwei

Nilikuwa na mfano mmoja niliojitetea nao kila nilipojiona nagombania vitu vidogo mno.

Mwaka 1975 nchini Norwei kulionekana mnyoo wa jamii nyingine ya monojenea, Gyrodactylus salaris, kwa samoni wachanga. Alikuwa ameingia na samaki waliotoka Uswidi, ambako mtaalamu Malmberg alimweleza na kumpa jina mwaka 1957. Samoni wa Baltiki wengi wanamstahimili. Wa Norwei hawakuweza. Mito zaidi ya 40 iliambukizwa, na kwa mingi serikali iliona hakuna njia ila kuua samaki wote mtoni na kuanza upya. Sumu waliyotumia, rotenoni, ni ya jamii ileile iliyomo kwenye utupa, mti ambao wazee wa milimani kwetu wanaujua vizuri: majani yake yalipondwa, yakamwagwa kwenye kijito, samaki wakaelea.

Sasa, salaris ana pacha, Gyrodactylus thymalli, anayeishi kwa samaki mwingine na hana sifa ya kuangamiza samoni. Ukiwaweka wawili hao chini ya hadubini utatoka jasho. Tofauti inatafutwa kwenye mkunjo wa vindoana vya pembeni, na wapo wataalamu waliofikia kusema kwamba hao si wawili bali ni mmoja. Fikiria mtu amekaa na slaidi kama mimi, na uamuzi wa kumwaga sumu mto mzima unasubiri ajibu ni yupi.

Hapo ndipo nilipokuwa nasimama kila siku: kwamba maikromita chache zinaweza kuwa mto. Naamini hivyo bado. Ila katika habari hiyohiyo kulikuwa na jambo nililolisoma na kulipita. Nanga za salaris hukua kubwa zaidi maji yakiwa ya baridi, na ndogo maji yakiwa ya joto. Mnyoo yuleyule, mto uleule, namba mbili.

Kwamba namba inaweza kubadilika bila mnyoo kubadilika, nilikuwa naambiwa. Nilidhani linawahusu wenye theluji.

Kivuli ukutani

Baba ni mvuvi wa mshipi. Sasa anatoka mara chache, macho yake si yale, lakini ndoana zake bado ziko kwenye kopo la maziwa, zimepangwa kwa namba. Jioni moja nilikuwa kwake Sahare, umeme umekatika, nimewasha tochi ya simu na kutandaza michoro yangu mkekani. Ilikuwa nanga za A na za B, kila moja nimeichora kubwa kama kiganja cha mtu mzima.

"Shikamoo tena, baba. Hebu nitazamie hizi."

"Marahaba." Akavuta karatasi, akaiweka karibu na uso, kisha mbali. "Ndoana za nani?"

"Za minyoo."

Hakucheka. Baba hajawahi kuicheka kazi yangu, hata pale ambapo majirani walishindwa kujizuia. Alitazama kwa muda mrefu, kidole kikifuata mkunjo.

"Hii na hii mkono mmoja," akasema. Alimaanisha zimetengenezwa na fundi mmoja.

"Hapana, baba. Hii ni fupi. Nimeipima."

"Fupi kweli. Lakini tazama mdomo wake umefunga. Ndoana ikiwa ndogo, inakuwa ndogo yote. Urefu na upana vinakwenda pamoja. Hii urefu umepungua, unene wa shina uko palepale." Akafungua kopo, akatoa ndoana moja, akaishika baina ya vidole viwili mbele ya tochi. Kivuli chake kilikaa ukutani, kirefu, mkunjo wazi. Kisha akaizungusha kidogo tu, kama mtu anayefungua kitasa.

Kivuli kikafupika. Mdomo ukafunga.

Unene wa shina ukabaki palepale.

"Umeichora imelala upande, mama," akasema, na kuirudisha ndoana kwenye kopo kwa namba yake.

Sikujibu. Nilikuwa naisikia kwenye vidole vyangu skrubu ndogo ya hadubini, ile ya kulenga kwa ukaribu. Kila nilipopima slaidi ya B nilikuwa nikiizungusha: naona shina, natafuta ncha, nazungusha, naona ncha, nimepoteza shina. Kwa ukuzaji wa mara 1,000 kinachoonekana kwa wakati mmoja ni tabaka jembamba sana, halifiki hata maikromita moja. Kama nanga imelala bapa, shina na ncha vinaonekana pamoja. Mkono wangu ulikuwa unazungusha skrubu wiki saba mfululizo kuniambia kwamba nanga haijalala, nami nilikuwa nachukua hiyo kama sehemu ya kawaida ya kutazama.

34, 19, 39

Asubuhi iliyofuata niliingia mapema na sikunywa hata chai.

Skrubu ile ina alama pembeni, kila alama ni maikromita mbili. Nikachukua slaidi ya kwanza ya B. Nikalenga mwisho wa shina, nikasoma alama. Nikazungusha mpaka ncha ikawa kali, nikasoma tena. Alama tisa na nusu, yaani maikromita 19 za kina. Urefu niliokuwa nimeuandika ulikuwa 34.

Baada ya hapo ni pembetatu ya shule. 34 mara 34 ni 1,156. 19 mara 19 ni 361. Jumla 1,517. Kipeuo chake ni 39 kasoro kidogo sana.

Thelathini na tisa! Katikati ya A.

Nilikaa nikiitazama namba hiyo kwenye daftari. Kukosea si kitu kigeni katika kazi hii. Kilichonichoma ni kwamba skeli yangu haikudanganya hata siku moja. Ilisema 34 na kivuli kilikuwa 34 kweli. Nilichokuwa nakipima ndicho sikukijua.

Nikarudi kwenye daftari la maandalizi kutafuta siku nilizotengeneza zile 11. Tisa zilikuwa za wiki mbili ambazo kioevu ninachomlazia mnyoo kwenye slaidi kilikuwa kinaleta mapovu, nami nikawa naongeza tone la pili ili mapovu yatoke. Tone la pili likainua kioo cha juu. Kioo kikiinuka, mnyoo habanwi, kiganja kinajikunja, na nanga zinasimama kama za jahazi kabla hazijashika mchanga.

Yule aliyeniuliza nimepima mara ngapi, nilipomweleza, alisema: "Ungepima mara mia ungepata 34 mara mia." Hilo ndilo lililokuwa nyuma ya kimya chake.

Wapo watakaosema hapa kwamba vipimo vya macho vimepitwa, kata kipande cha mnyoo, peleka kikasomwe vinasaba, maliza. Nalitaka hilo, na njia nzuri ipo: kiganja unakibakiza kwenye slaidi na mwili unaupeleka maabara. Lakini jina utakalorudishiwa kutoka kwenye vinasaba limetundikwa mahali fulani kwenye mnyoo wa slaidi ambaye mtu alimlaza chini ya kioo, akampima, akamchora. Kama yule wa kwanza alilazwa upande, vinasaba havitamnyoosha. Na minyoo wengi waliopewa majina miaka ya 1960, kama Cichlidogyrus halli wa mwaka 1967, ambaye mpaka sasa wataalamu wanajadili kama ni spishi moja au kundi zima, wanajulikana kwetu kwanza kwa michoro na namba. Mimi sina namna ya kuikwepa nanga.

Watatu waliobaki

Ilinichukua siku nne. Kwa kila slaidi ya B niliondoa kwa asetoni rangi ya kucha iliyofunga kingo, nikagusisha karatasi ya kunyonya pembeni mpaka kioo kikashuka, nikatazama, nikagusisha tena. Unaona nanga ikilala. Ni jambo la kustaajabisha: ncha inaibuka kutoka kwenye ukungu, mdomo unafunguka, na namba inapanda mbele ya macho yako, 35, 36, 38.

Nane zilipanda mpaka baina ya 38 na 40. Nikazifutia B.

Tatu hazikupanda.

Nilizibana mpaka nikaogopa kuzipasua. Shina na ncha vilionekana pamoja, tofauti ya kina haikuzidi maikromita mbili. Urefu 33, 34, 34. Na safari hii unene wa shina nao umepungua, kama alivyosema baba: ndogo yote.

Wote watatu wanatoka kwa samaki mmoja, perege wa Korogwe.

Mwezi mmoja nyuma ningepiga simu huku na huku. Sasa nilikaa nikaandika kila kinachoweza kuwadanganyisha. Je, ni wachanga? Hapana, kiungo cha kiume kimekamilika kwa wote watatu. Je, ni joto la maji? Maji ya mto ule yanashuka kutoka milimani na ni ya baridi kuliko ya bwawa, na kama kanuni ya salaris ingetawala hapa, nanga za mtoni zingekuwa kubwa, si ndogo. Ila hiyo ni kanuni ya Gyrodactylus, siwezi kuivalisha jamii nyingine kama kanzu ya kuazima. Je, kiungo cha kiume kinatofautiana na cha A? Kwa umbo sioni tofauti. Hilo linanizuia kuliko yote, kwa sababu kwenye Cichlidogyrus mara nyingi ndicho kinachoamua.

Na lipo lingine nililolifikiria usiku, nikaamka kuliandika. Minyoo watatu kwenye samaki mmoja si mashahidi watatu. Huenda ni watoto wa mama mmoja. Nina shahidi mmoja aliyezungumza mara tatu.

Kwa hiyo hawana herufi. Nimewawekea lebo mpya, ya penseli vilevile: *Perege, Mto Pangani, Korogwe. Nanga 33–34. Kina 2. Bila jina.* Daftari langu sasa lina safu ya kina kwa kila nanga, na safu ya matone. Zile slaidi 16 za A nazo nimezirudia zote, maana niliziamini kwa sababu tu zilikuwa ndefu. Mbili zilikuwa zimeinama. Urefu wao wa kweli ulikuwa 41, na A yangu ikapanuka.

Baba ameniuliza mara mbili kwenye simu: "Wale wadogo, wameshapata jina?"

"Bado, baba."

"Basi wasubiri."

Juzi nimempigia mama mmoja anayeuza samaki Korogwe, aliyeniuzia wale wa kwanza. Nikamwomba aniwekee perege 20, si sato, awatazame mikia, na kila mmoja awe kwenye mfuko wake. Nikamsihi asiwaparue wala asiwatoe mashavu, yaani matamvua.

"Mashavu?" akauliza. "Mwanangu, hayo kwetu ni ya paka."

"Ndiyo ninayoyataka, mama."

Akanyamaza kidogo, akawa anahesabu kitu na mtu aliyekuwa pembeni yake.

"Basi uwahi," akasema. "Wanashusha saa kumi na mbili, na paka wa hapa hawachelewi."